Hakuna Kifungu: Kisa cha Mtambo wa Sola wa Kuchuja Floraidi Chini ya Maji ya Chai

Mtambo haukuharibika. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki huuliza kwanza kama pampu iliungua au paneli ziliibwa. Paneli zilikuwa juu ya paa, pampu ilikuwa inazunguka, na mama aliyekuwa akiuza maji aliendelea kufika asubuhi na ufunguo wake. Kilichokwisha ni utando wa kuchujia, kitu ambacho tangu siku ya kwanza tulijua kina umri wake. Siku ya kikao, mhasibu wa chombo cha maji, yaani kile kinachoendesha huduma ya maji vijijini kwetu, alipoombwa pesa ya utando mwingine, aligeuza kurasa za bajeti moja moja mbele yetu, akazirudia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Jamani, hakuna kifungu."

Kwa miezi kumi na moja baada ya kikao kile, watoto wa kijiji walirudi kunywa maji ya kisima.

Mimi ni fundi wa maji. Nilikulia Usa River, mkoani Arusha, na kazi zangu nyingi ziko kwenye uwanda unaoteremka kutoka Maji ya Chai kuelekea mto Kikuletwa. Nilishiriki kufunga mtambo huo mwaka 2018 na nimeurudia mara nyingi tangu hapo. Kijiji sikitaji, wala shirika lililoleta vifaa, kwa kuwa katika kisa hiki hakuna mtu aliyekula pesa na hakuna aliyelala kazini. Kila mmoja alifuata utaratibu. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo: utaratibu ulifuatwa, na maji salama yakakatika.

Maji yenyewe

Mto Maji ya Chai ulipata jina kwa rangi yake, na mgeni akiuona hudhani tatizo ni hiyo rangi. Tatizo halionekani. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake na majivu yake yana floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Maji yanayopita humo hubeba sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi na kuigandisha ardhini. Kwa kuwa ni kidogo, floraidi hubaki imeyeyuka, haina rangi wala harufu. Juu mlimani zipo chemchemi salama. Kadiri maji yanavyokaa ardhini na kuteremka, ndivyo yanavyozidi kuibeba, na ukitaka kuona safari hiyo inaishia wapi, tazama maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo maji yake hayanyweki kabisa.

Mtu wa huku akicheka akiwa Dar es Salaam huulizwa kama katoka Arusha au Moshi hata kabla hajataja jina. Meno yangu mimi ni ya kahawia. Yaliharibika nikiwa mdogo, kwa sababu floraidi huliharibu jino wakati linajengeka ndani ya fizi, katika miaka minane hivi ya mwanzo ya mtoto. Baada ya hapo hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Na meno ni alama tu. Upande wa pili wa mlima, Ngarenanyuki, wapo watu ambao mifupa yao imepinda kwa maji hayo hayo, na mzazi aliyeona miguu ya mwanawe ikipinda hahitaji semina ya uhamasishaji.

Mambo mawili ya jikoni huzidisha shida, na nimeyasema kwenye kila mkutano wa kijiji nilioitwa. La kwanza ni kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki yote, kwa hiyo yaliyobaki ni makali kuliko ya mwanzo. La pili ni magadi. Tunayatia kwenye makande na maharage ili yaive upesi, na magadi mengi ya ukanda huu yana floraidi. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, ukiniondolea magadi, kuni utanikatia wewe?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo namheshimu kwa swali lile, kwa sababu ushauri wa afya usiohesabu kuni ni ushauri wa mtu asiyepika.

Mtambo na hesabu yake

Mtambo unafanya kazi ile ile ya mitambo inayoondoa chumvi kwenye maji ya bahari, ila kwa nguvu ndogo. Pampu inasukuma maji dhidi ya utando wenye matundu madogo mno. Maji yanapenya, floraidi na sehemu kubwa ya chumvi inabaki upande wa pili. Maji ya bahari yana chumvi nyingi na huhitaji shinikizo kubwa. Maji ya visima vyetu si ya chumvi ya kukera ulimi, kwa hiyo shinikizo dogo linatosha, na umeme wa paneli chache unatosha. Kwa maji ya namna hii, kukadiria yuniti mbili za umeme kwa kila lita 1,000 ni kukadiria kwa tahadhari.

Hatukuweka betri. Jua likiwaka mtambo unachuja, likijificha unapunguza, na maji yaliyochujwa yanakaa kwenye tenki. Tenki ndilo betri yetu. Mwezi wa sita na wa saba, mawingu yanapoukalia mlima siku nzima, kiasi kinashuka, lakini tenki likijazwa mapema foleni haivunjiki. Njia hii haikuwa ngeni huku. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, wakishirikiana na wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, walikwishajaribu tando zinazoendeshwa kwa jua kwenye maji ya floraidi kali ya Mdori, mkoani Manyara, na maji yalitoka salama. Kwa upande wa ufundi, swali lilikuwa limejibiwa.

Sasa hesabu ambayo kisa chote kinaitegemea. Chukua kijiji cha watu 1,500. Ukisema kila mtu apate lita 25 kwa siku, unahitaji lita 37,500. Lakini mtu hanywi lita 25. Kunywa na kupika, weka lita tano. Hizo ni lita 7,500 kwa kijiji kizima, sehemu moja ya tano. Nyingine ni za kufua, kuoga, kuosha vyombo, mbuzi, na bustani ya mchicha, na floraidi haiingii mwilini kwa kufua shuka. Kuchuja lita 37,500 kwa jua ni mradi wa kuombea fedha miaka mitano. Kuchuja lita 7,500 kunahitaji yuniti kumi na tano za umeme kwa siku, na paneli zake zinaenea juu ya paa la darasa moja.

Kuna hesabu nyingine niliyojifunza kwa vitendo. Tuseme kisima kina miligramu 6 za floraidi kwa lita, na maji yaliyochujwa yana 0.3. Changanya ndoo nne za maji yaliyochujwa na ndoo moja ya kisima, unapata karibu 1.4, chini ya kiwango cha 1.5 kinachoruhusiwa. Mtambo unazidishiwa robo ya uwezo wake bila kuongeza paneli hata moja, na maji yanapata tena ladha ya madini, maana yaliyochujwa peke yake wazee waliyaita "maji yaliyolala". Tulichanganya hivyo, tukipima mara kwa mara.

Yanabaki maji mabaki. Nusu ikipita kwenye utando, nusu nyingine inatoka na karibu floraidi yote, yaani maji ya miligramu 6 yanarudi yakiwa na karibu 12. Hayo tuliyaelekeza kwenye vyoo vya shule. Usiyaache yakatuama karibu na kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, kwa sababu mtoto hachagui bomba.

Lita 25, mita 400

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, ambayo ndiyo ilikuwa mezani wakati wa kisa hiki, iliweka kipimo cha huduma vijijini: lita 25 za maji salama kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisichozidi mita 400 kutoka kwenye kaya, na kituo kimoja kwa watu 250. Ni kipimo chenye huruma. Kilitungwa kwa ajili ya mwanamke anayetembea kilomita nyingi na ndoo, na kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani imetoka kwenye maumivu ya kweli ninayoyajua nyumbani kwetu.

Lakini kipimo hufundisha watu nini cha kuhesabu. Mita 400 zinahesabika kwa hatua. Vituo vinahesabika kwa macho, mgeni rasmi akifungua koki maji yanaruka na picha inapigwa. Neno "salama" limo kwenye sera, tena limeandikwa wazi, ila halina kamba ya kulipimia pale kijijini, linahitaji maabara. Basi kijiji chetu, chenye kisima kirefu na vilula vinne, kwenye takwimu kilikuwa kijiji chenye maji. Ukishakuwa kijiji chenye maji, foleni ya bajeti inakupita kwenda kwa wasio nayo kabisa, na siwezi kusema hilo ni dhuluma. Mtu wa Longido anayechota kwenye lambo na ng'ombe wake ana haki ya kutangulia. Ubaya ni kwamba sera ilikuwa na sanduku mbili tu, wenye maji na wasio na maji, nasi hatukuenea katika lolote.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: sera hiyo iliyatazama maji ya nyumbani kama kitu kimoja. Lita 25 zote ziwe salama, zitoke bomba moja. Kwa mji wenye chemchemi nzuri, sawa. Kwa uwanda wetu, maana yake ni ama uchuje zote 37,500, jambo lisilowezekana kwa mtambo mdogo, ama usichuje kabisa. Njia ya katikati, bomba moja la kufulia na kilula kimoja cha kunywa na kupikia, haikuwa na jina kwenye mwongozo wowote niliokabidhiwa kazini. Kisicho na jina hakipati kifungu.

Kutoka 8 hadi 1.5

Shirika la Afya Duniani lilishauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha 8 kwa maji ya vijijini. Kijana wa leo akisikia hivyo hukasirika, lakini fikiria hali ya wakati ule: vijiji vinaanzishwa, visima vinachimbwa kwa haraka, na kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi vya kaskazini pasipo kuwa na cha kuweka badala yake. Wakubwa wa enzi ile walichagua maji yenye floraidi kuliko kipindupindu. Kosa lilikuwa kwamba cha muda kilikaa. Baadaye kikashuka hadi 4, na sasa kiko 1.5.

Angalia kiwango kinavyofanya kazi kwa mtambo mdogo. Kisima cha miligramu 6 kilipokuwa halali chini ya 8, hakuna afisa ambaye angeweza kutetea fedha za kukichuja. Unatibu nini, wakati maji yako yamefaulu? Kiwango kiliposhuka hadi 4, kisima kile kile kikawa hakifai kwa siku moja, bila tone kubadilika. Ningetegemea siku ile mitambo midogo ianze kupata nafasi. Lakini kushusha namba hakukuja na fedha ya kushusha floraidi. Jibu rahisi la kiofisi kwa chanzo kilichofeli ni kutafuta chanzo kingine, na kutafuta chanzo kingine huku kwetu ni bomba refu.

Na bomba refu lipo, nalisifu. Jiji la Arusha lilipata mradi mkubwa wa maji uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ule unaotajwa kwa shilingi bilioni 520, unaovuta maji kutoka visima vyenye floraidi kidogo, vikiwemo vya wilaya ya Hai. Watoto wa mjini wanaozaliwa sasa wana nafasi ya kuwa na meno ambayo mimi sikuyapata. Ila kivuli cha mradi mkubwa kilitufikia kabla ya maji yake. Kila tulipoomba halmashauri ichangie mtambo, palikuwa na mtu mkutanoni wa kusema subirini, bomba kubwa litawafikia. Huenda litafika. Lakini mtoto wa miaka mitatu hana uwezo wa kusubiri. Akifika miaka minane, meno yamekwisha kuandikwa.

Paneli ndani, utando nje

Kwenye nishati, nchi ilifungua mlango. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 ilipotungwa ilisamehe paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri za sola, ingawa orodha imeguswaguswa na bajeti mara kadhaa. Anayetaka kuzalisha umeme chini ya megawati moja hahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anajisajili tu. Sisi tuliokuwa na paneli chache za kusukumia pampu yetu wenyewe hatukuwa na kikwazo chochote. Nilinunua paneli mjini Arusha asubuhi, jioni zilikuwa juu ya paa.

Utando haukuwemo kwenye orodha hiyo, maana si kifaa cha sola. Ni kichujio cha maji, bidhaa ya viwandani kama nyingine. Hivyo sehemu ya mtambo inayodumu miaka ishirini na zaidi ndiyo iliyopunguziwa bei, na sehemu inayokwisha kila baada ya miaka michache ndiyo iliyobeba asilimia 18. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Maji yasiyo ya chupa yamesamehewa kodi hiyo, na hilo ni jema kwa mnunuzi wa ndoo. Lakini anayeuza kitu kilichosamehewa hawezi kudai kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye vifaa. Kodi ya utando inaishia mgongoni mwa mama mwenye ndoo, ingawa kwenye risiti yake haionekani.

Kijana mmoja alishauri tuyauze kwenye chupa ili tupate faida. Hapo unaingia nchi nyingine: alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, masharti ya bidhaa ya chakula, kodi kamili. Tukaacha. Huduma ya kijiji isigeuke kiwanda ili iweze kuishi.

Vibali sitavikalia sana. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kingine cha kumwaga majitaka, na kwa uwanda wetu vyote viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliyoko Moshi. Tulipanda Coaster mara mbili kwenda Moshi, tukapokelewa vizuri. Shida haikuwa watu. Sheria inamwangalia anayemwaga maji kwa macho yale yale, awe anamwaga ya kiwanda au ya mtambo unaojaza choo cha shule. Ningependa kuona ngazi ya chini kabisa, tangazo la ukurasa mmoja kwa mitambo midogo, kama ilivyofanyika kwenye umeme.

Akiba iliyoungana

Turudi kwenye kikao.

Tulipofunga mtambo mwaka 2018, kijiji kilikuwa na jumuiya yake ya watumia maji, iliyoundwa chini ya sheria ya huduma za maji ya mwaka 2009. Ndoo ya kisima iliuzwa shilingi 50, ya kilula cha kunywa 100. Siku njema ziliuzwa ndoo mia moja hivi. Kina mama wa kamati walikuwa na daftari lao, na kila Jumamosi kabla ya kwenda soko la Tengeru walitenga fungu la utando. Nakumbuka mwenyekiti wao akisema, "Huyu ni ng'ombe wetu, fundi, tunamnunua kidogo kidogo." Hakukosea, bei ya utando mmoja haikuwa mbali na ya ng'ombe mnadani.

Mwaka 2019 ikaja Sheria Namba 5 ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ikaanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Usimamizi wa maji vijijini ukatoka halmashauri. Jumuiya ndogo ndogo zikaunganishwa kuwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chombo kimoja kikishika vijiji kadhaa. Nasema kwa dhati kwamba hatua ile ilikuwa na sababu. Nimeona jumuiya zilizokufa kwa sababu katibu alihama na risiti. Chombo kikubwa kinaweza kumlipa mhasibu aliyesoma na fundi wa kudumu, na vijiji vingi vimefaidika.

Lakini akaunti ziliunganishwa, na akiba ya kina mama ikaingia kwenye kapu moja na fedha za vijiji vingine. Masika yaliyofuata, korongo lilisomba bomba kuu la kijiji jirani. Watu walikaa wiki kadhaa bila tone. Chombo kikatumia fedha iliyokuwepo kununua mabomba, na mimi nisingepiga kura kinyume. Tangu hapo bajeti ya chombo iliandikwa kwa vichwa vinavyofahamika: umeme au mafuta ya pampu, matengenezo ya mtandao, posho, dawa ya kutibu maji. Kutibu maji kulieleweka kuwa ni klorini. Utando haukuwa na mahali pa kuandikwa, na ulipokwisha mwaka 2021, ukakutwa haumo.

Ni kweli pia kwamba tungeweza kuurefushia maisha. Maji yetu ya volkano yana silika nyingi, inayojenga magamba juu ya utando, na ipo dawa ya kuzuia magamba ambayo tuliishiwa tukaendelea kuchuja. Hilo ni kosa letu sisi mafundi, nalikiri. Utando ungefika mbali kidogo zaidi. Bado ungekwisha.

Sera ya 2002 ilisema wananchi wabebe gharama za uendeshaji na matengenezo, serikali isaidie ujenzi. Kwa pampu na bomba kanuni hii inaeleweka. Kwa mtambo wa utando inapindisha maamuzi, kwa sababu ujenzi ni rahisi kuombewa fedha na matengenezo ndiyo yenye bei. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 zilianza kukatwa shilingi 50 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya Mfuko wa Maji, na fedha hizo zimejenga miradi mingi. Sioni kwa nini sehemu ndogo ya fedha za namna hiyo isitamkwe kuwa ya kubadilisha vichujio katika maeneo yaliyothibitishwa kuwa na floraidi. Eneo linajulikana. Serikali yenyewe ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, ambako njia ya mkaa wa mifupa imefanyiwa kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, mara ya kwanza ilipotolewa, kwa kichujio alichokibuni hapa hapa Arusha. Maarifa hayajawahi kuwa mbali na sisi zaidi ya nauli ya daladala. Na njia zote hizo, mkaa wa mifupa, kichujio cha Hilonga au utando, zinafanana kwa jambo moja: kuna kitu ndani yake kinachoisha na lazima kibadilishwe.

Namna maji yalivyorudi

Mkombozi hakuwa mfuko wala mfadhili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyopakana na kisima. Shule ilikuwa inapika uji na makande kwa wanafunzi, na wazazi walikuwa wanachangia chakula. Mwalimu aliitisha kikao cha wazazi, akauliza swali moja: tunachangia unga, tunachangia maharage, maji ya kupikia tunamwachia nani? Wazazi wakakubali kuongeza mchango mdogo kwa kila mtoto. Mchango wa chakula ulikuwa tayari na kitabu chake, kamati yake na akaunti yake, nje ya chombo cha maji. Utando ulinunuliwa kwa kifungu cha chakula.

Baadhi ya wenzangu hawakupenda. Walisema ni kuchanganya mambo, maji ni maji na uji ni uji. Mimi nadhani wazazi wale waliona jambo ambalo sera haikuliona. Lita tano za kunywa na kupikia zinakaa karibu na chakula kuliko zinavyokaa karibu na bomba la kufulia. Walizitenga kwa kitendo kabla mtu yeyote hajazitenga kwa maandishi.

Chombo cha maji nacho hakikukaa kando. Mhasibu yule yule aliyetuambia hakuna kifungu alinipigia simu wiki mbili baadaye, akaniomba nimwandikie kwa karatasi moja mtambo unakula nini kwa mwaka: katriji za filta ya awali, dawa ya magamba, kupima floraidi, na sehemu ya utando ukigawanya bei yake kwa miaka minne. Niliandika. Akaipeleka kwenye kikao, na bajeti iliyofuata ilikuwa na mstari mpya. Ulisomeka "vichujio vya maji ya kunywa", na mbele yake palikuwa na kiasi kisichofika nusu ya kinachohitajika. Nusu nyingine inabaki kwa wazazi.

Nilipita pale mara ya mwisho asubuhi ya Jumamosi. Kwenye kilula cha kunywa palikuwa na madumu kumi na mawili kwenye foleni, mengi ya lita tano. Nilipima: 1.3. Mama mwenye ufunguo alitazama namba, akaiandika kwenye daftari lake jipya, chini ya tarehe, kisha akaniuliza utando huu tuliufunga mwezi gani, kwa sababu yeye ameshaanza kuhesabu.